Uso wa Mama Ndoo

Vijana, unga wa ngano si mvi. Naanza hapo kwa sababu karibu kila Jumamosi mnakuja hapa kwangu Kitui na simu zenu kunionyesha sinema mlizotengeneza, na kila sinema ina mzee, na kila mzee amenyunyiziwa unga kichwani kama samaki anayengoja kukaangwa. Halafu mnaniuliza, "Mzee Munyao, umeonaje?" Mimi nanyamaza kwa adabu, nawaongezea chai. Leo sitanyamaza.

Huo unga nimeutumia mimi kabla yenu. Tulikuwa tunapiga picha nje kidogo ya Mwingi, jua la saa nane likituchoma, na mwigizaji wetu alikuwa anaigiza chifu mzee anayehutubia baraza. Nilimpaka unga mpaka nikajipongeza. Akaanza kuhutubia, akaanza kutoa jasho, na unga ukikutana na jasho mnajua kinachotokea. Donge la chapati lilianza kumteremka nyuma ya sikio. Nzi wakaja barazani. Yule bwana alikuwa mtu wa nidhamu, hakujikuna, alimaliza maneno yake yote, na kwa vile hatukuwa na nafasi ya kurudia, ilienda kwa televisheni vile vile. Baadaye mama mmoja alitutumia dawa ya mitishamba, ati chifu awe anaoshea kichwa.

Mkitaka mvi, chukueni rangi nyeupe ya mekapu mchanganye na kahawia kidogo, kwa sababu kwa vumbi letu hili hakuna mtu mwenye mvi nyeupe kabisa. Pakeni kwa mswaki wa zamani, kidogo kidogo, mkianzia kwenye panja na kidevu. Utosi uwe wa mwisho. Hiyo ndiyo njia mvi zenyewe hupitia.

Sikusomea kazi hii. Nilianza nikiwa mchoraji wa mabango ya maduka hapa mjini. Kinyozi akitaka vichwa vinne ukutani, mimi. Mwenye bucha akitaka ng'ombe anayetabasamu, mimi. Kikundi kimoja cha michezo ya kuigiza kiliniita niwachoree pazia la nyuma, mlima na mto, na nilipomaliza wakaniomba nimchoree kijana mmoja masharubu. Nikachora kama ninavyochora kwa ukuta. Yalionekana mpaka barabara kuu.

Ndipo nikaenda kwa Bi Zuhura. Alikuwa mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, akiishi nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, hina na wanja na kila kitu. Nilipomwambia ninachotaka alicheka sana, Mkamba wa kanisani anataka kujua wanja. Lakini alinifundisha. Tulikaa barazani, mumewe Mzee Swaleh kando yetu akisoma gazeti, maana haikufaa niketi peke yangu na mke wa mtu, na mkono wa Mzee Swaleh ndio nilioutumia kwa mazoezi. Alikuwa akigeuza kurasa kwa mkono mmoja huku ule mwingine ukiwa na maua ya hina mpaka kwenye kiwiko.

"Mwanangu, mbona unaanza na rangi?" Bi Zuhura aliniuliza siku ya kwanza. "Weka kiganja kwanza. Kama ngozi imekauka, kama ina mafuta, kama mwenyewe hakulala, utajua. Wewe unapaka mtu, hupaki mlango."

Kutoka hapo nikaingia kwa jukwaa, kisha televisheni, kisha sinema. Nimesimamishwa na polisi barabarani wakafungua sanduku langu wakakuta nywele za bandia, seti ya meno na chupa ya damu, na ilibidi nimpake askari mmoja jeraha kwenye shavu ndiyo wakaniamini. Halafu akakataa kulifuta. Alitaka kwenda nalo nyumbani. Mke wangu Kamene naye alizoea kuona lipstiki kwenye kola ya shati langu, na akishika ile kola alikuwa akiuliza tu ni onyesho gani: "Hii ni ya sini gani?"

Kamera za zamani zilikuwa na huruma. Ungeweza kupaka kama chokaa na picha ikatoka nzuri, kwa sababu kamera yenyewe ilikuwa haioni vizuri. Za sasa zinaona mpaka kinyweleo. Hiyo ndiyo shida yenu, na ndiyo ilikuwa shida yangu katika kazi ninayotaka kuwaambia, sinema ya maisha ya Mbithe.

Nyinyi mnamjua Mbithe kama Mama Ndoo. Wazazi wenu wanamjua zaidi. Kwa miaka mingi alikuwa kwenye televisheni akiigiza mama mkwe mkali anayetembea na ndoo ya maji, na kila kipindi lazima mkwewe amwagiwe. Watu walikuwa wanangoja ile ndoo kama wanavyongoja goli. Uso wa Mama Ndoo niliutengeneza mimi: mikunjo mitatu kwa paji, miwili kando ya mdomo, nyusi nene, kitambi cha pamba, nywele za bandia nilizozibandika kwa gundi, zimesimama kama zimepigwa na umeme. Mbithe alikuwa bado mwanamke mrembo wakati huo, na kila asubuhi alikaa mbele yangu nimharibu, na hakuwahi kunung'unika. Alikuwa akisema, "Munyao, nizeeshe vizuri, watoto wanataka karo."

Alizeeka kweli. Mume wake wa kwanza alifariki, kipindi kikaisha, akarudi kwa shamba lake Kalamba. Alikuwa ameshapita miaka sabini alipompenda Kyalo.

Kyalo alikuwa fundi wa pampu za maji. Alikuja kutengeneza ya Mbithe, akarudi kuiangalia, akarudi tena hata ikiwa nzima. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, na mdogo kuliko kifungua mimba wa Mbithe. Hapo ndipo kelele ilianzia. Walifunga ndoa kwa msajili, mashahidi wawili, na kufikia jioni habari ilikuwa imefika kila soko la Makueni. Watangazaji wa redio waliicheka wiki nzima. Vijana wenzenu walimchora kwa mitandao akimwogesha bwana yake kwa ile ndoo. Kanisani alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwaya ya akina mama. Aliambiwa kwa upole kwamba itakuwa vizuri apumzike, na kuanzia hapo akawa anakaa benchi la nyuma, na Kyalo kando yake, na nafasi tupu kila upande.

Mtoto wake mkubwa, Musyoki, alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mukuyuni. Hakumtukana mtu. Aliendelea kumtembelea mama yake, akimletea sukari na dawa ya presha. Lakini Kyalo akiingia, Musyoki alikuwa anatoka. Hakuwahi kumsalimia. Hakuwahi hata kutaja jina lake, akilazimika kabisa, alisema "yule wa pampu."

Mambo yakiwa hivyo, akaja Mwende.

Mwende ni msichana wa Kasikeu aliyekwenda Nairobi akasomea utengenezaji wa filamu, na anajua kazi yake. Alikua akimtazama Mama Ndoo akiwa amekaa sakafuni kwa nyanya yake. Alitaka kutengeneza sinema ya maisha yake yote, jukwaa, umaarufu, ujane, na hayo mapenzi ya uzeeni. Aliniambia ametazama sinema nyingi za nje za namna hiyo, za nyota waliozeeka wakapenda na watu wakawasema, na zote zilimtoa machozi. Mbithe alikubali. Alitoa sharti moja, mekapu ifanywe na Munyao. Kwa hiyo nikatoa sanduku uvunguni mwa kitanda.

Tulisoma skripti kwa Mbithe, sebuleni, tukinywa chai. Mbithe alisikiliza kwa makini huku miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Mwishoni Mwende alisoma kwamba Kyalo anaondoka na sanduku lake, na nyota anabaki peke yake mbele ya kioo kikubwa, lipstiki imemchafuka mdomoni, analia.

"Kyalo ameenda wapi?" Mbithe aliuliza.

"Ameondoka, mama. Ni mwisho wa filamu tu."

"Nimesikia. Ameenda wapi? Na ng'ombe anakamuliwa na nani?"

Mwende alieleza kwamba sinema za aina hiyo huwa zinaisha hivyo, mtazamaji aone upweke wa umaarufu. Mbithe alifikiri.

"Kioo kikubwa hivyo mimi sina," alisema. "Lakini wewe ndiye umesoma. Endeleeni, tutaona."

Kyalo alikuwepo, amekaa mlangoni. Aliinuka akaenda kukata nyasi.

Mwigizaji aliyechaguliwa kuwa Mbithe alikuwa Nzilani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hodari kabisa. Kazi yangu ilikuwa kumtoa thelathini nimpeleke sabini. Na hapa sikilizeni. Nilimpaka uso nilioujua: mikunjo mitatu kwa paji, miwili kando ya mdomo, nyusi nene. Mikono ilienda yenyewe. Nzilani alipojitazama akacheka, na akaanza kutembea kama Mama Ndoo, kiuno kimepinda, mdomo mbele. Hakuna aliyemwambia asifanye hivyo.

Sini ya kwanza ilikuwa ile ya Kyalo kuja kutengeneza pampu na Mbithe kumletea chai. Kijana aliyeigiza Kyalo alikuwa amelala chini akifunga nati. Nzilani akaja na kikombe, akirembua macho, akijishika nyonga, akamwaga nusu ya chai. Watu wa kamera walicheka. Mtu wa sauti alicheka mpaka akavua visikizi. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa nimeona fahari: uso ule ulikuwa unafanya kazi kama zamani.

Mbithe alikuwa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya monita. Hakucheka.

Musyoki alifika wakati Mwende anarudia kutazama ile sini. Mtu alikuwa amemwambia kwamba kwa mama yake kuna magari na watu wengi. Alisimama nyuma yetu kwa suti yake ya duka, akatazama mpaka mwisho.

"Mkubwa hapa ni nani?"

"Ni mimi, mzee," Mwende alisema.

"Huyo nimeona hapo, ndio mama yangu?"

Mwende akaanza kueleza kuhusu ucheshi, kwamba filamu itaanza kwa kicheko kisha iingie ndani. Musyoki alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mimi hii ndoa sikukubali," alisema. "Kila mtu anajua, na yeye anajua. Lakini huyu amenizaa. Hii kitu mnafanya, watu wataangalia kwa simu wakicheka, na watoto wangu wataona. Mkiendelea hivi, ile ruhusa ya kupiga picha kanisani msiingoje. Nitaenda kusema leo."

Sini za kwaya zote zilikuwa za kupigwa kanisani. Bila kanisa hapakuwa na sinema, na Mwende alijua.

"Musyoki, keti," Mbithe alisema.

"Siketi, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Basi simama. Lakini usiende."

Aliinuka polepole kutoka kwa kile kiti, akaja akasimama kati ya mtoto wake na Mwende. Kyalo mwenyewe, yule wa kweli, alikuwa upande wa zizi ameshika ndoo ya maziwa, na nadhani hakujua kama asogee au arudi.

"Mwende, mama," Mbithe alisema, "huyu kijana wangu ni mbishi kama baba yake, lakini leo ameona sawa. Mimi nimekula kwa kuchekesha watu. Najua kicheko kikitoka, kimetoka wapi. Zamani walicheka kwa sababu nilikuwa nawachekesha. Leo hamkucheka kitu nilichofanya. Mmenicheka mimi, kwa vile nilipenda mtu nikiwa mzee."

Mwende alikuwa karibu kulia. "Nifanye nini, nyanya?"

"Sijui. Sinema ni yako. Lakini mimi chai sikumwaga. Mkono wangu bado ni mzima."

Musyoki alimtazama mama yake. Halafu akasema, "Nitangoja niskie mmefanya nini," akaingia kwa gari lake. Hakwenda kanisani siku hiyo. Nilikuja kujua baadaye.

Asubuhi iliyofuata Mbithe aliniita nje, kwenye mwanga. Alikuwa amenawa uso kwa sabuni, hana hata mafuta. Aliweka viti viwili vikielekeana na akavua kitambaa cha kichwa.

"Munyao, umenipaka miaka mingi," alisema. "Hebu niangalie kidogo."

Vijana, nilikuwa sijawahi kuutazama ule uso. Niliushika maelfu ya asubuhi na kila mara nilikuwa nafikiria kitakachokuja juu yake. Nikaweka kiganja, nikaanza upya kama mwanafunzi. Hapakuwa na ile mikunjo mitatu. Paji lilikuwa karibu laini. Uzee wake ulikuwa mahali pengine kabisa: ngozi chini ya macho ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, shavu la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia kwa sababu hulalia upande huo, ndewe za masikio zilikuwa zimevutwa na hereni nzito. Kando ya mdomo kulikuwa na mistari midogo mingi, ya mtu aliyejizuia kucheka wakati wengine wanacheka. Na juu ya paji, nywele zilikuwa zimerudi nyuma, mahali pamoja peupe.

"Hapo ni kovu?" niliuliza.

"Hapo ni gundi yako," alisema.

Nilimwomba Nzilani aje akae nasi. Alikuja bila mekapu, amenuna kidogo, kwa sababu mwigizaji hapendi kuambiwa sini yake ilikuwa mbaya. Mbithe alimpa kunde amenye. Walimenya muda mrefu, kisha Nzilani akauliza, kwa sauti ya chini, "Nyanya, kwa huyu mtu ulipendea nini?"

"Aliniita Mbithe."

"Hiyo tu?"

"Wewe bado unaitwa jina lako kila siku, huwezi kujua. Mimi kanisani ni Mama Musyoki. Sokoni ni Mama Ndoo. Yule anayejua jina langu alikuwa amelala kaburini. Sasa huyu anatoka chini ya pampu, mikono yote grisi, ananiambia, 'Mbithe, washa.' Niligeuka nione ni nani anaitwa." Akamenya kunde nyingine. "Pampu ilikuwa imeshika. Nikajifanya sijaona maji."

Nzilani hakucheka. Aliacha kumenya akawa anatazama mikono ya Mbithe tu, jinsi inavyofungua ganda kwa kidole gumba bila haraka.

Sasa namna tulivyofanya, na hii andikeni. Usichore mkunjo. Vuta ngozi kwa vidole viwili mpaka inyooke, gongagonga juu yake utomvu mwembamba wa mpira kwa sifongo, ukaushe kwa feni, upake poda, kisha uachilie. Ngozi ikirudi itajikunja yenyewe, mahali inapotaka kukunjika. Rudia pale panapohitaji, na panapohitaji ni pachache kuliko unavyofikiri. Shavu moja lizidi jingine, kwa sababu hakuna uso ulio sawa pande zote. Na msisahau mikono na shingo. Nimeona sinema zenu, nyanya wa miaka themanini anashika fimbo kwa mikono ya msichana wa shule ya upili.

Ilichukua asubuhi nzima. Nzilani alitoka nje, na safari hii hakupinda kiuno. Alitembea kama mtu anayejua kila jiwe la boma lake. Alibeba chai kwa mkono mmoja, akaiweka chini karibu na yule kijana wa pampu, akangoja. Kijana akasema, "Mbithe, washa." Nzilani aligeuza kichwa kidogo tu. Watu wa kamera walikuwa kimya hata baada ya Mwende kusema basi.

Kyalo wa kweli alikuwa amesimama karibu nami. "Sasa huyo ni yeye," alisema, akaondoka zake kwenda kukamua.

Mwende alibadilisha na mwisho. Hakunieleza sababu. Sanduku lilirudi kwa gari la vifaa, kioo hakikununuliwa, na sinema ikaisha mchana, wazee wawili barazani wanabishana kuhusu stesheni ya redio, mmoja anataka mahubiri, mwingine anataka mpira. Kanisa halikufungwa. Tulipiga sini za kwaya zote, na akina mama walewale waliomwondoa Mbithe waliimba mbele ya kamera wakiwa wamevaa vizuri sana. Mbithe alikaa nyuma ya monita akawaambia sauti ya pili inabaki nyuma.

Tulionyesha sinema Mukuyuni, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa shule, blanketi zikiwa zimetundikwa madirishani. Ukumbi ulijaa. Najua wengi walikuja kucheka. Walicheka kwenye ndoo, kama ilivyopaswa. Kwenye chai na pampu ilisikika sauti ya mtoto mmoja tu akiuliza huyo nyanya ni nani, na mama yake akimwambia anyamaze. Musyoki alikuja na watoto wake, akasimama karibu na mlango, akawaondoa kabla blanketi hazijashushwa. Mbithe alinong'ona kwamba Nzilani amemzidi urembo na hiyo haikuwa kwenye makubaliano.

Sitawadanganya kwamba watu walibadilika. Wengine walisema ni dhambi iliyopigwa picha vizuri. Wengine walianza kumsalimia Kyalo sokoni. Kwenye benchi la nyuma kanisani, mama mmoja wa kwaya alihamia kukaa karibu nao, akisema hapo kuna upepo.

Mbithe aliugua kiangazi kilichofuata, na hakuugua siku nyingi. Musyoki ndiye aliyenipigia simu. Alisema mama ameondoka, na angetaka nije nimtayarishe, kwa sababu hakuna mwingine aliyemjua uso.

Nilipofika Kalamba asubuhi ya mazishi, mahema yalikuwa yameshasimamishwa na kulikuwa na mnong'ono. Jamaa wa upande wa marehemu mume walikuwa wanataka Kyalo aketi na majirani, asiketi na familia. Wengine walisema ndoa ya msajili ni ndoa. Hakuna aliyekuwa amekata shauri, na Kyalo mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, akiwatekea maji wapishi, kana kwamba ni mmoja wa walioajiriwa.

Walikuwa wamemleta Mbithe kutoka hospitali wakamweka chumbani kwake, na akina mama wawili walikuwa wameshamvika. Musyoki alisimama nami mlangoni. Nilifungua sanduku. Nilimwuliza swali ambalo huwa nawauliza wenye kazi wote, kwa sababu si langu kuamua: anataka aonekane vipi? Kama kwenye picha za zamani, na lipstiki na nyusi, watu wamkumbuke? Au namna nyingine?

Musyoki alimtazama mama yake kwa muda. Nje wazee walikuwa wamesimama karibu na dirisha, na walikuwa wanasikia kila neno.

"Hilo mimi sijui," alisema. "Muulize bwana yake."

Kisha akatoka akaenda nyuma ya nyumba, na akarudi na Kyalo, wakitembea bega kwa bega, Kyalo akijipangusa mikono kwenye suruali. Hakuna aliyeongea tena kuhusu majirani. Kyalo alisimama mbele ya kitanda, akanitazama, akalitazama sanduku langu lililojaa rangi.

"Rangi hapana," alisema. "Mpake mafuta tu. Hii miezi ya upepo ngozi yake inakauka, na huwa hapendi."

Nilirudisha vitu vyangu vyote ndani, nikabaki na mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na katika zote ndiyo niliyoifanya polepole zaidi. Musyoki alishika taa upande mmoja, Kyalo alikaa upande wa pili. Mafuta ya namna hiyo, vijana, huyatoi kwa chupa ukayaweka usoni yakiwa baridi. Unayashika kwanza kati ya viganja vyako viwili, unangoja yapate joto.